Kiendeshi, Kichezeshi na Kisimbuzi

Jina "kicheza DVD" limezoeleka kwa kile chombo kiwekwacho chini ya televisheni. Chombo ni kimoja, na jina moja limekitosha. Katika kompyuta, hata hivyo, kazi hiyo hugawanyika mara tatu, hasa katika zile zinazotumia programu huria kama Ubuntu, ambamo mtumiaji hujichagulia sehemu nyingi mwenyewe. Madhumuni ya makala hii ni kupendekeza istilahi tatu za kuzitenganisha dhana hizo.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Bububu, Unguja, mwenye kompyuta ya namna hiyo. DVD ya arusi iliyorekodiwa mtaani inaonekana vizuri. Filamu aliyoletewa na jamaa zake kutoka duka la Muscat inakataa. Akiambiwa tu kwamba "kicheza kimeharibika", huenda akanunua kifaa kipya pasipo sababu.

Dhana ya kwanza ni kiendeshi, yaani kifaa kinachoizungusha diski na kuisoma. Kwa kuwa DVD ya arusi imesomeka, kiendeshi ni kizima. Lakini viendeshi vingi huwekewa kanda ya biashara ya filamu: Oman imo katika kanda ya 2, Tanzania katika kanda ya 5. Kwa kawaida mtumiaji huruhusiwa kuibadili kanda hiyo mara 5 tu.

Ya pili ni kichezeshi, yaani programu inayogeuza data kuwa picha na sauti. Tumelipendelea umbo hili kuliko "kicheza" kwa sababu mashine haichezi, bali huchezesha. Nalo lalingana na "kiendeshi", litokanalo na "endesha". Mfano wake ni VLC, iliyoanzishwa na wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, ikawa programu huria mwaka 2001.

Ya tatu ni kisimbuzi. Wasomaji wanalijua neno hili kwa kisanduku cha televisheni, na dhana ni ile ile: kuufungua msimbo. Filamu nyingi za madukani zimefungwa kwa msimbo. DVD ya arusi haikufungwa. Katika Ubuntu kazi hii hufanywa na libdvdcss, ambayo haiji pamoja na mfumo, kwani sheria za baadhi ya nchi, ikiwemo ya Marekani ya mwaka 1998, hukataza kuzivunja kufuli za aina hii. Basi kubadilisha kichezeshi pekee hakutafaa kitu ikiwa kinachokosekana ni kisimbuzi.

Limebaki neno "huria", ambalo wengine hulichanganya na "bure". Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, wala hakuna adhaniaye kuwa hakitozi ada. Programu huria ni ile ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa. Ruhusa hiyo ndiyo iliyowawezesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Mtumishi anayeandika "bure" katika waraka wa ununuzi hutaja bei, akaziacha haki.

Wafasiri na walimu wanaombwa kuzijaribu istilahi hizi katika miongozo na madarasani, ili anayetafuta msaada aweze kuitaja sehemu yenye hitilafu.