Ndege mpya Rungwe: mpya kwa nani?

Tuseme uko Tukuyu, unakatiza kando ya shamba la chai, mara unamwona ndege ambaye hujawahi kumwona. Unapiga picha, unawarushia wenzako wanaopenda ndege: "Jamani, ndege mpya!" Swali la kwanza la kisayansi hapo ni fupi tu: mpya kwa nani? Majibu ni matatu, na kila moja linadai ushahidi wake.

Anaweza kuwa mpya kwa sayansi. Ni nadra, lakini nchini kwetu imetokea. Mwaka 1991, huko Udzungwa, watafiti waliona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya chakula kambini. Ilikuwa miguu ya kwale ambaye sayansi haikumjua, na alielezwa rasmi mwaka 1994. Rungwe nako kuna kisa cha kipunji. Huyu ni kima, si ndege, ila somo ni lile lile. Watafiti walisikia wenyeji wakimtaja, wakamtafuta, wakamthibitisha kwenye Mlima Rungwe mwaka 2003, na mwaka 2005 akatangazwa duniani. Kwa wenyeji waliokuwa wakimtaja hakuwa mpya hata kidogo. Kwa hiyo kabla hujasema "mpya", waulize wazee wa hapo, na uliza kwa jina la Kinyakyusa pia.

Pili, anaweza kuwa mpya kwa eneo: anajulikana kwingine, ila hapa hajawahi kuandikwa. Sasa hapa kuna mtego. Mradi wa ramani ya ndege wa Tanzania umekusanya kumbukumbu tangu miaka ya 1980, kwa miraba ya nusu digrii, yaani karibu kilomita 55 kwa 55. Mraba mmoja wa namna hiyo unabeba kilele cha Rungwe, chenye kama mita 2,960, pamoja na mashamba ya ndizi yaliyo chini sana yake. Ramani itakuambia ndege yumo ndani ya mraba. Haitakuambia kama yuko msituni juu au bondeni chini. Na mahali ambapo ramani ni tupu, huenda ndege hayupo, au huenda hakuna mtu aliyewahi kwenda kuangalia.

Tatu, anaweza kuwa mpya kwako wewe tu. Hilo ndilo la kawaida, wala si jambo la kuonea aibu. Kila mtu anaanzia hapo.

Utajuaje ni lipi kati ya hayo? Hebu tumchukue mbayuwayu wa buluu, Hirundo atrocaerulea, ambaye yuko hatarini kutoweka. Huzaliana kwenye nyasi za nyanda za juu, ikiwemo Kitulo, jirani tu na Rungwe. Hujenga kiota ndani ya mashimo ardhini, kwa mfano yale yaliyochimbwa na muhanga. Nyasi zikilimwa viazi, mashimo yanakwenda na ndege anakwenda. Ukimwona, kumbukumbu yako ina uzito. Lakini milima hii ina mbayuwayu mwingine mweusi mwenye mkia wa panda, na kwa mbali, kwenye ukungu wa Tukuyu, wawili hawa wanafanana. Dume wa buluu ana manyoya mawili ya mkia marefu sana, membamba kama nyuzi. Je, uliyaona, au ulidhani uliyaona? Andika ulichokiona kwa macho, kisha jina lifuate.

Tarehe nayo inabadili mambo. Mbayuwayu huyu huwa kwetu msimu wa mvua, kisha huhamia kaskazini, upande wa Uganda na magharibi mwa Kenya. Ukisema umemwona Novemba, watu watakuelewa. Ukisema Julai, utaombwa picha. Hakuna anayekudharau, dai lisilo la kawaida linahitaji ushahidi zaidi. Ndiyo maana Afrika Mashariki ina kamati ya kupima taarifa za ndege adimu kabla hazijakubaliwa.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kuandika wale wa kawaida. Ukiandika adimu peke yake, hakuna atakayejua ulikaa dakika tano au saa tatu, wala kama shorwe na chozi walikuwepo. Orodha kamili, yenye muda wa kuanza na kumaliza, inampa mtafiti kitu cha thamani sana: anajua pia nani hakuonekana. Programu kama eBird, iliyoanza mwaka 2002, hukuuliza kabisa kama umeandika ndege wote uliowatambua.

Kwa nini tujisumbue hivyo? Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha ndege wa misitu ya Usambara wa miaka ya 1979 hadi 1981 na wa mwaka 2019. Kwa ujumla walikuwa wamepanda juu zaidi mlimani, kadiri hali ya hewa inavyozidi joto. Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu miaka ile ya 1979 hadi 1981 kuna watu walioandika ndege gani wako mwinuko gani. Rungwe nayo ina kilele. Ndege wa msitu wa juu akisukumwa na joto, kuna mahali mlima unaisha. Tukiona ndege wa bondeni huko juu leo, tutajuaje kama amepanda au alikuwepo siku zote? Bila orodha za zamani, hatutajua.

Basi safari ijayo andika haya: tarehe, saa, mahali pamoja na mwinuko (simu nyingi zinaonyesha), ndege wote uliowatambua, na wangapi. Picha ikipatikana, vizuri. Hata sauti iliyorekodiwa kwa simu inasaidia. Ukikuta kiota cha ndege adimu, usitangaze mahali kilipo. Na usimfute shorwe kwenye orodha eti kwa sababu yuko kila mahali. Mwaka 2060 kuna mtu atataka kujua kama kweli alikuwa kila mahali.