Kundi si basi: Hesabu ya sauti ambayo studio ndogo za Eastlands haziwezi kuipuuza

WIMBO unaovuma kwenye spika za matatu za Buruburu au Umoja humfikia msikilizaji kama sauti moja. Hata hivyo, ndani ya kompyuta ya aliyeutayarisha, wimbo huo huwa ni traki ishirini, thelathini au zaidi. Kila traki hubeba sauti yake: ngoma, gitaa la besi, kinanda, mwimbaji mkuu, waitikiaji na vibwagizo.

Namna traki hizo zinavyokusanywa huamua mambo mengi. Huamua iwapo kompyuta itahimili kazi, iwapo sauti zitasikika bila kukwaruza, na iwapo wimbo huo utaweza kutumiwa tena baada ya miaka kadhaa.

Programu za kurekodia muziki hutoa njia mbili za kukusanya traki. Ya kwanza ni kundi, na ya pili ni basi. Wanaoanza kazi hii aghalabu huzichukulia kuwa kitu kimoja. Gharama ya kosa hilo hudhihirika pale msanii anaporejea kuomba toleo lisilo na sauti yake ili aimbe jukwaani, kisha aambiwe kwamba kazi yote itabidi ianzwe upya.

Suala hili lina uzito wa pekee katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ambako muziki wa vijana umekuwa ukitayarishwa katika vyumba vidogo kwa muda mrefu. Dandora iliwatoa Kalamashaka katika miaka ya 1990. Kundi la K-South lilichukua jina lake kutoka Kariobangi South.

Mnamo mwaka wa 2000 ilianzishwa Calif Records, iliyopata jina lake kutokana na mtaa wa California. Ni humo ambamo prodyusa Clement Rapudo, maarufu kama Clemo, pamoja na wasanii kama vile Nonini na Jua Cali, waliukuza mtindo wa genge. Mwaka wa 2018, vijana wa kundi la Ethic kutoka Umoja walivuma kwa kibao 'Lamba Lolo' na kufungua mlango wa gengetone.

Mitindo hiyo ina sifa moja inayomhusu fundi wa sauti moja kwa moja: waimbaji ni wengi. Chukua mfano wa wimbo wa vijana wanne. Kila mmoja ana ubeti wake, na kila ubeti una traki ya pili ya kuukazia. Juu ya hizo huja viitikio vinavyoimbwa na wote. Kabla ngoma hazijahesabiwa, tayari pana traki kumi na mbili au zaidi za sauti za binadamu.

MSHIKAMANO WA VIDHIBITI

Kundi ni mshikamano wa vidhibiti. Traki zikiwekwa katika kundi moja, fundi akisogeza kitelezo cha sauti cha traki moja, ambacho mafundi hukiita fada, nyingine hufuata huku zikihifadhi tofauti zilizokuwa baina yao. Akizima moja, zote huzimika. Akikata kipande cha moja, nyingine hukatwa papo hapo.

Lakini sauti zenyewe hazikutani. Kila moja huendelea kupita njia yake hadi kwenye mkondo mkuu wa wimbo.

Faida kubwa ya kundi huonekana wakati wa kukatakata na kusahihisha. Bendi ya kanisa ikirekodi ngoma kwa maikrofoni sita kwa pamoja, traki hizo sita ni za tukio moja. Ikiwa moja itasogezwa peke yake hata kwa milisekunde chache, mpigo utapoteza uzito wake, kwa sababu mawimbi ya sauti yatakuwa yakipunguzana nguvu badala ya kusaidiana.

Basi, kwa upande wake, ni njia ambamo sauti hujumlishwa kwelikweli. Neno hilo lina asili moja na jina la gari la abiria. Yote mawili yanatokana na neno la Kilatini 'omnibus', lenye maana ya 'kwa wote'. Mafundi wa umeme walilitumia kwa nondo ya shaba inayokusanya umeme wa nyaya nyingi, nao mafundi wa sauti wakalipokea kwa maana hiyo hiyo ya kukusanya.

Mtu anaweza kuifikiria tofauti hiyo hivi: kundi ni watu walioshikana mikono, kila mmoja akitembea kwa miguu yake. Basi ni gari walilolipanda wote. Linaloipata njia ya gari huwapata abiria wote.

Kwa hivyo, fundi akiweka kompresa, yaani kifaa cha kubana sauti zinazopanda mno, juu ya basi la waitikiaji, kifaa hicho huwasikia waitikiaji wote kama sauti moja na kuwabana kwa pamoja. Kundi haliwezi kufanya hivyo, kwa kuwa hakuna mahali ambapo sauti zao zimekutana.

MWANGWI USIOFUATA

Tofauti hii hujitokeza wazi zaidi katika matumizi ya mwangwi. Desturi ni kuchukua tawi la kila traki ya sauti na kulipeleka kwenye kifaa kimoja cha mwangwi, ambacho nacho hurudisha matokeo yake kwenye mkondo mkuu.

Sasa fundi akishusha fada ya basi la waimbaji, waimbaji hupungua lakini mwangwi wao hubaki ulivyokuwa. Matawi yalichukuliwa kabla ya sauti kufika kwenye basi. Matokeo yake ni waimbaji kusikika kama walio mbali, mithili ya watu wanaoimba ndani ya ukumbi mtupu.

Akishusha fada za kundi, mwangwi hupungua pamoja na sauti, almradi matawi yamewekwa kuchukua sauti baada ya fada ya kila traki. Anayetaka kutumia basi bila tatizo hilo hana budi kuuelekeza mwangwi wa waimbaji urudi ndani ya basi lao wenyewe, badala ya mkondo mkuu.

Jambo jingine linalowatatiza wengi ni majina. Katika programu ya Cubase, kinachoitwa 'kundi' kwenye orodha ya traki kwa hakika ni basi. Katika Pro Tools, makundi ni ya kuunganisha vidhibiti, ilhali sauti hukusanywa kwa kuzielekeza kwenye traki saidizi kupitia mabasi.

Katika Reaper, traki ikifanywa folda huwa basi la traki zilizo chini yake bila fundi kufanya lolote zaidi. Katika FL Studio, kazi hiyo hufanywa kwa kuelekeza mikondo ya meza ya kuchanganyia sauti kwenye mkondo mwingine. Ndiyo maana anayehama kutoka programu moja hadi nyingine hupaswa kuuliza swali moja: Je, hapa sauti zinajumlishwa au vidhibiti tu ndivyo vinavyofungamana?

NAFUU KWA KOMPYUTA DHAIFU

Kwa prodyusa anayetumia kompyuta ya mtumba, basi ni njia ya kubana matumizi. Akiweka kifaa cha mwangwi katika kila moja ya traki kumi na mbili, kompyuta italazimika kuendesha nakala kumi na mbili za kifaa hicho. Akitumia basi moja la mwangwi, ataendesha nakala moja tu, na waimbaji watasikika kama walio katika chumba kimoja.

Hata hivyo, kujumlisha sauti kuna hesabu yake. Sauti mbili tofauti zenye nguvu sawa zikikutana, kiwango hupanda kwa takriban desibeli 3. Zikiwa ni nakala moja kamili, hupanda kwa desibeli 6. Traki 16 tofauti zenye nguvu sawa hupandisha kiwango kwa takriban desibeli 12.

Programu nyingi za kisasa hustahimili ongezeko hilo ndani ya mabasi yake. Lakini wimbo ukitolewa kama faili ya kawaida ya biti 16 au 24, kila kilichovuka kiwango cha sifuri hukatwa, na mkwaruzo wake hauondoki. Dawa ni kuziacha traki zikiwa chini tangu mwanzo, wala si kungoja hadi taa nyekundu iwake kwenye mkondo mkuu.

Kosa jingine la kawaida ni kuielekeza traki kwenye basi bila kuiondoa kwenye mkondo mkuu. Sauti hiyo hufika mara mbili. Prodyusa huiona imepata nguvu na kufurahi, kumbe ameirudia tu.

THAMANI YA BAADAYE

Waswahili husema mchele mmoja mapishi mbalimbali. Wimbo uliopangwa kwa mabasi manne, yaani ngoma, besi, ala nyingine na waimbaji, unaweza kutolewa kama faili nne zinazoanza sekunde moja. Kutokana na faili hizo hupatikana toleo la ala tupu kwa tangazo la biashara au filamu na malighafi kwa prodyusa mwingine anayetaka kuurekebisha wimbo.

Mwangwi na vikolezo vingine vya kila sehemu vinapaswa kurudi ndani ya basi la sehemu hiyo kabla ya faili kutolewa. Aidha, kompresa ya mkondo mkuu yafaa izimwe, kwani hutenda kazi tofauti inaposikia sehemu moja kuliko inaposikia wimbo mzima. Faili hizo zikichezwa pamoja zinapaswa kurejesha mchanganyiko ule ule uliokuwapo kabla ya kompresa hiyo.

Hapo ndipo suala la kiufundi linapogusa mfuko. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 hutofautisha kati ya utunzi wa muziki na rekodi yenyewe ya sauti, na kwa rekodi humtambua aliyefanya mipango ya kurekodi. Msanii aliyelipia studio na prodyusa aliyeketi kwenye kompyuta wanaweza kila mmoja kudai kuwa ndiye huyo.

Busara ni kuandikiana mapema nani anamiliki rekodi, nani atabaki na faili za mabasi, na iwapo msanii atapewa nakala siku anapolipa salio. Faili hizo zihifadhiwe mahali pawili. Kompyuta ikiibwa au diski ikiharibika baada ya umeme kukatika, nakala ya wimbo uliokamilika inaweza kupatikana kwa yeyote aliyeupakua. Traki zilizoujenga haziwezi kupatikana hivyo.