Maniema: GPS yaonyesha njia, mto waamua safari

Mtu akisimama Kasongo na kukiuliza kifaa cha GPS cha mkononi umbali wa kufika Kabambare, jibu linatoka mara moja: karibu kilomita 120, upande wa mashariki. Jibu hilo si la uongo. Ila ni umbali wa ndege, na kusini mwa Maniema watu hawaendi kwa mabawa. Wanaenda kwa miguu, kwa baiskeli inayosukumwa, kwa pikipiki na kwa pirogi, na mara nyingi safari moja inahitaji vyote hivyo.

Kwa motari anayebeba chanjo ndani ya sanduku la barafu kuelekea vijiji vya zoni ya afya ya Lusangi, tofauti kati ya kilomita za kwenye kioo na kilomita za kwenye matope ni jambo zito. Barafu inayeyuka kwa saa, haingoji kilomita. Akikuta daraja limebebwa na maji, au mwenye pirogi hayuko ng'ambo, kifaa kitaendelea kumwambia kwamba amebakiza kidogo tu kufika.

Vifaa hivi vimezoeleka sasa mashariki mwa Kongo. Wanavyo wafanyakazi wa mashirika ya kiutu, walinzi wa hifadhi, wapimaji wa madini na timu za chanjo. Simu nyingi pia zina GPS ndani yake. Lakini wengi wanaovitumia wamefundishwa kubonyeza tu, hawakufundishwa kuviuliza maswali.

Kifaa kinajua nini?

GPS inasikiliza satelaiti zinazozunguka dunia kwenye urefu wa karibu kilomita 20,200. Kila satelaiti ina saa ya usahihi mkubwa na inatangaza wakati wake bila kukoma. Kifaa kinapima ishara ilichelewa kiasi gani njiani, na kikisikia satelaiti nne au zaidi kinaweza kukadiria mahali kilipo na urefu wake kutoka usawa wa bahari. Hadi mwaka 2000, Marekani ilikuwa inaiharibu kidogo kwa makusudi ishara ya raia, kiasi kwamba kosa liliweza kufika mita 100. Mwezi wa tano mwaka huo ikaacha. Leo, mahali penye mbingu wazi, kosa kwa kawaida ni mita chache tu. Chini ya miti mikubwa ya msitu linaongezeka, kwa sababu majani na vigogo vinazuia ishara au kuirudisha kwa kuzunguka.

Kazi hiyo yote haihitaji mtandao wa simu wala mega. Kifaa kinapokea tu. Kile cha kawaida hakimtangazii mtu yeyote mahali mwenye nacho alipo. Jambo hili linafaa kueleweka katika territwari kama Kabambare, ambako vikundi vyenye silaha vimesumbua watu kwa miaka na ambako kitu chenye antena kinaweza kumletea mwenyewe maswali mengi kwenye kizuizi. Kumweleza chifu wa kijiji mapema, na kuwa na karatasi ya misheni mfukoni, kunalinda zaidi kuliko kukificha kifaa.

Kwa hiyo kifaa kinajua kilipo. Kisichojua ni namna ya kufika kwingine. Hilo kinalisoma kwenye ramani iliyowekwa ndani yake, na ramani ni kazi ya watu. Kama aliyeichora aliiona barabara kwenye karatasi ya zamani ya wakati wa Wabelgiji, kifaa kitampeleka mtu kwenye barabara ambayo leo imeota miti. Kama alichora mstari mmoja kupita juu ya mto, kifaa kitaamini pana daraja, hata kama kuna pirogi moja tu. Na muda wa safari kinaukadiria kwa daraja la barabara: kikiona imeandikwa "barabara kuu", kinahesabu mwendo wa barabara kuu. Hakijui kwamba ni mwezi wa nne na mvua haijakatika.

Makosa yanayorudi kila mara

Kosa la kwanza ni kuchanganya njia iliyopangwa na njia iliyopitwa. Njia iliyopangwa ni vituo vichache vilivyounganishwa kwa mistari. Njia iliyopitwa ni alama ambazo kifaa kimeziacha nyuma hatua kwa hatua, kama nyayo kwenye matope. Ya pili ni ushahidi wa safari, ya kwanza ni nia tu. Vifaa vingi vya zamani vinaweka kikomo cha idadi ya vituo, na vinapohifadhi nyayo ndefu vinazipunguza. Mto wenye makona ishirini unabaki na makona matano, na msafiri anaona kwenye kioo kwamba njia yake inakata katikati ya maji.

La pili ni njia kubadilika yenyewe. Mtu anapanga safari kwenye kompyuta ofisini Kindu, anaihamisha kwenye kifaa, na kifaa kinaihesabu upya kwa kufuata ramani yake chenyewe. Anafika njiani anaelekezwa kwingine. Wawili wenye vifaa vya aina moja, mmoja amechagua "njia fupi" na mwingine "njia ya haraka", wanaweza kuachana kwenye njia panda ya kwanza.

La tatu linawachekesha wasafiri wa mtoni. Kifaa kilichopangwa kufuata barabara kinavuta mshale hadi kwenye barabara iliyo karibu. Abiria ameketi ndani ya boti katikati ya Lualaba, lakini kioo kinaonyesha anatembea nchi kavu kando ya mto. Dawa yake ni kuondoa mpangilio huo kabla ya kupanda chombo.

La nne halichekeshi, nalo ni namna ya kuandika namba. Mji wa Kasongo uko kwenye nyuzi 4 na dakika 27 kusini mwa ikweta. Kwa desimali, hiyo ni 4.45, kwa sababu uzi mmoja una dakika 60, si 100. Mtu akiandika 4.27 kwenye ripoti, ameusogeza mji karibu kilomita 20 kuelekea kaskazini. Akisahau alama ya kusini, ameupeleka ng'ambo ya ikweta, upande wa Bas-Uele, karibu kilomita 990 kutoka ulipo. Kijiji kilichoandikwa hivyo kwenye orodha ya chanjo kinaweza kuonekana hakipo, na timu ikarudi bila kuwaona watoto wake. Ramani za karatasi za zamani zinaongeza tatizo lao: nyingi zilichorwa kwa msingi wa vipimo usio ule wa GPS, na tofauti inaweza kufika mita mia kadhaa. Mita hizo zinatosha kukiweka kituo cha afya upande usio wake wa mto.

Wazungu watatu na pirogi moja

Shida ya kujua ulipo bila kuweza kuvuka si ngeni katika nchi hii. David Livingstone aliugua vidonda vya miguu na kukwama Kabambare kwa miezi. Alipoondoka mwezi wa pili mwaka 1871, ilimchukua karibu wiki sita kufika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba. Kwa mstari ulionyooka, safari hiyo haifiki kilomita 200. Alikuwa na vyombo vya kupimia jua na nyota, na alikuwa na swali kubwa: je, mto huu ni Nile? Jibu lilihitaji pirogi, na wenyeji hawakukubali kumpa. Walikuwa na sababu ya kuwaogopa wageni. Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka huo, watu wa wafanyabiashara wa watumwa waliufyatulia risasi umati wa soko la Nyangwe, na mamia ya watu wakafa, wengi wakiwa wanawake waliozama mtoni wakikimbia. Livingstone aliona kwa macho yake, akageuka kurudi Ujiji.

Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe mwaka 1874. Vipimo vyake vya mwinuko vilionyesha kwamba Lualaba pale iko chini kuliko Nile ilivyo Gondokoro. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo mto huu haukuweza kuwa Nile. Chombo kilikuwa kimejibu. Lakini naye alikosa pirogi, akaelekea kusini.

Wa tatu, Henry Morton Stanley, alikuja na chombo chake. Lady Alice ilikuwa boti ya mbao yenye urefu wa futi 40, iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande vitano. Kwenye nchi kavu vipande vilibebwa mabegani na wapagazi waliotoka pwani na bara. Penye maji viliunganishwa, na boti ikaongozwa na Uledi, nahodha wake. Walifika Nyangwe mwezi wa kumi mwaka 1876, Tippu Tip akawasindikiza sehemu ya kwanza ya njia kuelekea kaskazini, na mwezi wa nane mwaka 1877 waliobaki wakatokea Boma, karibu na bahari. Wengi walioianza safari Zanzibar hawakuimaliza. Jina lililobaki kwenye vitabu ni la Stanley, lakini miguu ya boti ile ilikuwa ya wapagazi.

Magari yanayoogelea

Ulimwengu ulikuja kutengeneza gari lisilohitaji mabega hayo. Mwaka 1942 Marekani iliunda DUKW, lori la matairi sita lenye tumbo la boti. Zaidi ya 21,000 yalitengenezwa kwa ajili ya vita vya pili vya dunia. Barabarani lilikimbia hadi kilomita 80 kwa saa, na majini karibu kilomita 10. Vita vilipokwisha, mengine yalinunuliwa na wafanyabiashara wa utalii. Kuanzia mwaka 1946 huko Wisconsin, watalii wakawa wanapanda mjini na kushuka ziwani bila kubadilisha kiti, na mtindo huo ukaenea miji mingi.

Raha hiyo ilikuja na kilio. Mwaka 1999 gari moja la namna hiyo lilizama Arkansas, watu 13 wakafa. Wachunguzi wakaonya kwamba paa linawanasa abiria ndani chombo kinapozama, na kwamba chombo kinatakiwa kiweze kuelea hata kikiingia maji. Tarehe 19 mwezi wa saba mwaka 2018, jingine lilizama katika Ziwa Table Rock, Missouri, wakati wa dhoruba iliyokuwa imetangazwa. Waliokuwemo ni 31, waliokufa 17. Onyo lilikuwepo kwa miaka mingi.

Wasomaji wa Kivu na Maniema hawahitaji kuelezwa zaidi. Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya macho ya watu ikikaribia bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya abiria wakafa. Mara kwa mara serikali inakataza kusafiri usiku na kujaza kupita kiasi, na inadai jileti za kuokolea. Mara kwa mara boti za mbao zinaondoka zimejaa, bila jileti.

Siku hizi kuna magari mapya ya aina hiyo yanayofanya kazi isiyo ya utalii. Huko Sudan Kusini, Mpango wa Chakula Duniani, PAM, umetumia magari ya SHERP, yenye matairi makubwa sana yanayoliwezesha kuelea, kupeleka chakula kwenye maeneo yaliyofunikwa na mafuriko. Majini yanaenda polepole kama mtu anayetembea. Lakini yanafika mahali ambapo lori linazama na boti inakwama kwenye majani.

Gari kama hilo linahitaji fundi, vipuri na mafuta. Kusini mwa Maniema, kinachofanya kazi hiyo kila siku ni pikipiki iliyolazwa ndani ya pirogi, motari akiishika mpini na mwenye pirogi akisukuma mti. Hata reli ilijengwa kwa fikra hiyo: Lualaba haipitiki kwa boti njia yote kutoka Kongolo hadi Kindu, kwa hiyo Wabelgiji waliunganisha miji hiyo kwa njia ya chuma ya kilomita 355, ili abiria washuke botini, wapande treni, kisha warudi botini.

Kinachowezekana sasa

Kurekebisha ramani hakugharimu kama kununua gari. Ramani huria ya OpenStreetMap inaweza kusahihishwa na mtu yeyote, na wako Wakongomani wanaojitolea kuifanyia kazi. Nyayo za motari mmoja kutoka Kasongo hadi Lusangi, zilizohifadhiwa zikiwa kamili, zina thamani kuliko mstari uliochorwa ofisini. Penye pirogi paandikwe ni kivuko, si daraja. Penye daraja lililoanguka paandikwe limeanguka, na tarehe iwekwe, kwa maana njia ya mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, siyo njia ya mwezi wa kumi na moja.

Kwa timu za afya, mambo matatu yanatosha kuanzia: namna moja ya kuandika namba kwa wote, betri za akiba, na daftari. Kwenye daftari linaandikwa lile ambalo satelaiti haiwezi kuona: jina la kivuko, saa ambazo mwenye pirogi anafanya kazi, bei ya kuvusha pikipiki, na reko wa kijiji wa kuulizwa kabla timu haijaondoka.

Kifaa kikisema zimebaki kilomita tatu na mto umejaa, mwenye pirogi ndiye anayejua kama leo panavukika. Akisema hapavukiki, sanduku la chanjo lirudi kituoni kabla barafu haijaisha.