Magazini Mkononi, Risasi Chembani

Mwezi uliopita, mama mmoja mjane wa mtaa wa Buyenzi, hapa kwetu Burundi, alipokuwa akiondoa vyombo vya marehemu mumewe katika chumba kilichokuwa kimefungwa muda mrefu, alikuta nyuma ya kabati bastola iliyoviringishwa katika kipande cha kitenge kilicholowa mafuta. Na kwa kuwa majirani wote wanajua kwamba nilifanya kazi ya ufundi wa silaha kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, alimtuma mwanawe, kijana wa miaka 17, aje kuniuliza swali ambalo sikumbuki mwaka hata mmoja uliopita bila mimi kuulizwa. "Assalaam aleikum, mzee," alisema, akiwa bado amesimama mlangoni. "Mama anauliza, madhali nimekwisha kuitoa magazini, si haina hatari tena? Anataka kuitia kikapuni aipeleke polisi." Magazini yenyewe alikuwa nayo mfukoni, akaitoa akanionyesha kama mtu anayeonyesha stakabadhi ya deni lililolipwa. Kisha akaongeza neno lililonifanya nivae viatu kabla ya kumjibu: "Nimeijaribu pia. Nimeitega nyundo, nimevuta mara mbili kuelekea ukutani, haikulia."

Niliikuta juu ya kitanda, nyundo imetegwa, mdomo wa mtutu umeelekea mlangoni, ambako wadogo zake walikuwa wakipita na kurudi. Niliwatoa watu wote, nikapandisha komeo la usalama, polisi wakaitwa. Na afisa aliyekuja, baada ya kunijua mimi ni nani, akaniruhusu niifungue mbele yake, uani, penye rundo la mchanga wa ujenzi. Niliielekeza mchangani, nikateremsha komeo, nikavuta kitelezi nyuma, na risasi ya milimita 9, ganda lake limeota kutu ya kijani, ikaruka ikaanguka karibu na kiatu cha afisa. Kijana aliitazama, akaitazama magazini iliyokuwa mkononi mwake, akasema kwa sauti ndogo: "Mzee, sasa hii imetoka wapi?"

Ilitoka chembani, mahali ilipokuwa tangu marehemu alipoitia kwa mkono wake mwenyewe.

Itikadi ya kwamba bastola isiyo na magazini ni bastola tupu nimeikuta kwa askari waliohitimu, kwa walinzi wa usiku, kwa wafanyabiashara wenye vibali, na kwa watu wenye elimu kubwa ambao wasingekubali kudanganywa katika jambo jingine lolote. Nasema wazi kwamba nimechoka nayo, kwa kuwa watu wanaozikwa kwa sababu yake aghalabu si wale wanaoiamini, bali ni ndugu zao waliokuwa wameketi upande wa pili wa meza. Magazini ni ghala, na chemba ni chungu kilichokwisha injikwa. Ukiliondoa ghala, nafaka iliyokwisha kutiwa chunguni hairudi. Bastola hailii kwa risasi zilizomo katika magazini, hata ziwe 13. Hulia kwa ile moja iliyotangulia kuingia chembani, ambayo nyundo ikiangukia sindano, na sindano ikigonga fataki yake, haiulizi kama nyuma yake kuna nyingine au hakuna.

Mtu mwenye akili atasema: basi kwa nini kijana alivuta mara mbili na haikulia? Hapo ndipo lilipo shina la itikadi yenyewe, nami nitakaa hapo kidogo. Bastola ile ilikuwa ni Browning ya mwaka 1935, ambayo Wabelgiji huiita GP, silaha iliyoanzwa na John Browning, Mmarekani aliyefariki mwaka 1926 akiwa kazini katika kiwanda cha FN kule Liège, na kukamilishwa na Mbelgiji Dieudonné Saive. Kazi hiyo ilianza kwa ajili ya jeshi la Ufaransa, nalo katika masharti yake lilitaka kiwemo kizuizi ambacho, magazini ikiwa haimo, hukata mawasiliano baina ya kifyatulio na nyundo, hata kidole kikivuta kinavuta bure. Hatimaye Wafaransa hawakuichukua bastola hiyo, walakini kizuizi chao kilibaki ndani yake; na madhali Wabelgiji walitutawala hadi mwaka 1962, GP ikaingia katika majeshi ya Kongo, Rwanda na Burundi, na vizazi vya askari wa nchi hizi vikajifunza juu ya silaha hiyo moja. Waliona kwa macho yao kwamba magazini ikitoka, bastola inanyamaza. Hawakuona kwamba imenyamaza huku ina risasi kinywani. Walichokiona kilikuwa kweli, na hukumu waliyoitoa juu yake ilikuwa ya mauti, kisha wakawarithisha wadogo zao hukumu bila sababu yake.

Sasa mpe mtu aliyelelewa hivyo bastola nyingine. Makarov ya Kirusi, iliyokubaliwa na jeshi la Kisovieti mwaka 1951, haina kizuizi cha magazini. Glock, ambayo jeshi la Austria liliichukua mwaka 1982 na ambayo leo polisi wa dunia nzima wanaibeba, haina. Tokarev ya Kirusi haina, na ile ya Kichina iliyonakiliwa kwayo haina. Bali ile iliyotengenezwa Yugoslavia, M57, inacho, nayo kwa jicho la mtu asiye fundi ni pacha wa Tokarev, haina tofauti ila urefu kidogo wa mpini unaobeba risasi 9 badala ya 8. Tafakari basi: silaha mbili zinazofanana kama sahani za seti moja, magazini zimetolewa zote mbili, chemba zote mbili zina risasi, nyundo zote mbili zimetegwa, ukivuta kifyatulio cha moja hapatokei kitu, ukivuta cha pili unaua. Lau marehemu angeficha Tokarev badala ya GP, risasi ya kijana ingeupenya ukuta ule wa matofali mabichi na kutokea kwa jirani. Hata hiyo GP haina dhamana, maana kizuizi hicho hukifanya kifyatulio kiwe kizito na chenye kukwaruza, na mafundi wengi wamekiondoa kwa kuombwa na wenye silaha, wala kwa nje hapana alama ya kukuonyesha kama kimo au kimeng'olewa. Na kijana aliniambia kwamba alikusudia kuirudisha magazini mahali pake ili silaha ifike polisi ikiwa kamili. Angeirudisha, nyundo ikiwa imetegwa vile vile, kisha kidole kikagusa kifyatulio ndani ya kikapu cha mama yake, ingelia.

Lipo kosa jingine lililo mtoto wa itikadi hiyo hiyo, nalo huwapata wale wanaojua kwamba chemba ipo. Zamani za kazi yangu alinijia koplo mmoja na Makarov iliyohitaji kubadilishwa springi, akaiweka juu ya meza yangu na kusema, "Haina kitu, mzee, nimevuta kitelezi na nimetoa magazini." Alisema kweli katika yote mawili. Niliivuta kama nilivyozoea kuivuta kila silaha iliyopita mikononi mwangu, na risasi ikatoka, ikaviringika juu ya plastiki ya meza mpaka ikagonga gilasi yangu ya chai. Koplo yule alikuwa amevuta kitelezi kwanza, risasi ya chembani ikatoka, na kitelezi kiliporudi mbele kikachota nyingine kutoka katika magazini iliyokuwa bado imo. Ndipo akaitoa magazini, akaridhika. Mtu aliyefanya mambo mawili sahihi kwa kutanguliza la pili amejaza silaha kwa mikono yake huku akiamini ameimaliza, na imani hiyo ndiyo inayomtia ujasiri wa kuvuta kifyatulio mbele ya watu kuwahakikishia. Koplo alitokwa na jasho mbele yangu, akaketi bila kukaribishwa.

Mintarafu ya hicho ambacho hapa mjini kila mtu hukiita sekirite, yaani komeo linalosukumwa kwa dole gumba, nitasema machache. Komeo la GP halipandi ila nyundo iwe imetegwa. La Makarov likipandishwa juu huishusha nyundo na kuizuia. La Beretta 92 hushushwa chini ili kufunga, kinyume cha mawili hayo, basi mkono uliozoea moja huifungua nyingine ukidhani unaifunga. Tokarev kwa asili yake haina komeo la nje, ila pengo moja katika nyundo ambalo huishika katikati ya njia, hila ile ile iliyokuwamo katika bunduki za gumegume za misafara ya Ujiji, na ukingo wa pengo hilo ni chuma kidogo kinacholika na kumeguka. Kifyatulio cha Glock kina ulimi mdogo katikati unaozuia silaha isilie kwa kuanguka au kwa kusukumwa ubavuni, walakini kidole hugusa ulimi na kifyatulio pamoja, na ncha ya shati vile vile.

Ama kuanguka, hilo ni somo lililonunuliwa kwa damu: mwaka 1944 bastola ya Smith & Wesson iliangukia sitaha ya meli ya kivita ya Marekani ikalia na kumwua baharia, kiwanda kikalazimika kuweka kizuizi kipya cha nyundo. Tangu hapo mataifa mengi hupima silaha mpya kwa kuziangusha, na katika jimbo la California kimo chake ni mita 1 na sentimeta 1 juu ya saruji. Hata hivyo mwaka 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza kuzirekebisha bastola zake za P320 baada ya kudhihirika kwamba zikianguka kwa pembe fulani huweza kulia. Ikiwa silaha mpya ya kiwanda mashuhuri hupatikana na dosari hiyo, ya nyuma ya kabati, ambayo springi zake zimekaa miaka 20 katika joto na unyevu wa ziwa letu, haistahiki kuaminiwa kwa lolote.

Basi la kufanya ni hili. Mwenye kibali, na sheria yetu ya silaha ya mwaka 2009 haimtambui mwenye silaha asiye nacho, aelekeze mtutu kwenye mchanga au udongo, kidole nje ya kifyatulio, atoe magazini kwanza, kisha avute kitelezi nyuma mara tatu, akizuie hapo, aangalie ndani ya chemba kwa jicho na aingize ncha ya kidole kidogo, kwa kuwa gizani jicho hudanganyika. Afanye hivyo kila silaha inapobadili mkono, hata kama aliyempa ameifungua mbele yake sasa hivi. Asione haya, na anayepewa asione kuwa ametukanwa. Asijaribu kamwe kwa kuvuta kifyatulio. Risasi zikae katika sanduku lake na bastola katika lake, funguo mbali na watoto; silaha iliyoanguka iende kwa fundi kabla ya kurudi kiunoni; na asimruhusu mtu yeyote kuondoa kizuizi chochote ili kifyatulio kiwe laini.

Na asiye na kibali aliyekuta silaha darini, shambani au nyuma ya kabati, kama walivyokuta wengi katika nchi hii tangu vita vilivyoanza mwaka 1993, asitoe magazini wala asivute kitu, asiifute vumbi, asiigeuze kuutazama mtutu wake. Aiache ilivyo, awatoe watoto, afunge mlango, aite polisi waje wao, na aketi nje ya mlango huo mpaka wafike.