Fahamu: Mtoto Mkristo katika shule ya Kiislamu

Mzazi Mkristo akimpeleka mwanawe shule ya Kiislamu, wapo wanaoshangaa. Afrika Mashariki hili si jambo geni.

Mwaka 1982 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walimwomba msaada Aga Khan wa Nne, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia. Watoto wao walisoma chuoni, yaani madrasa, lakini wengi walibaki nyuma walipoingia shule ya msingi. Mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said, akaanza kutafuta njia ya kuunganisha elimu hizo mbili. Shule ya kwanza ya chekechea ya mpango huo ilifunguliwa mwaka 1986. Zanzibar ikafuata mwaka 1990, Uganda 1993. Mafunzo ya dini yaliwekwa pamoja na hesabu, lugha na michezo ya vifuu, mbegu na vitu vingine vinavyopatikana mtaani. Shule ziliendeshwa na kamati za wenyeji, na hapo ndipo nionapo nguvu ya mpango huo: jirani asiye Mwislamu naye alipata nafasi ya mwanawe.

Hata katika elimu ya juu ni hivyo: huko Mbale, Uganda, Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoanza mwaka 1988 hudahili Wakristo pia.

Ugumu huja kwenye mavazi, sala na vipindi vya dini. Katiba ya Kenya, ibara ya 32, inakataza kumlazimisha mtu kufanya ibada iliyo kinyume na imani yake. Haki ambayo sisi Waislamu tunaidai kwa binti wa Kiislamu aliye shule ya kanisa, binti Mkristo naye anaistahili kwetu.

Mzazi, kabla ya kulipa ada, omba kanuni za shule kuhusu mambo hayo kwa maandishi.