Sauti Tatu Zilizojificha katika Filamu ya My Fair Lady

Katika toleo hili tunawaletea wasomaji wetu habari za filamu inayotuhusu sana sisi walimu wa lugha. My Fair Lady, filamu ya nyimbo iliyoongozwa na George Cukor, ilitolewa na kampuni ya Warner Bros. mwaka 1964. Chimbuko lake ni tamthilia ya George Bernard Shaw iitwayo Pygmalion. Humo Profesa Higgins, mtaalamu wa fonetiki, anamfundisha Eliza, muuza maua wa London, matamshi ya mabibi wa tabaka la juu. Hapa tutaeleza jinsi sauti za filamu hiyo zilivyopatikana.

Kwanza, sauti ya Higgins. Wakati ule waigizaji walirekodi nyimbo mapema, kisha mbele ya kamera wakachezesha midomo tu. Rex Harrison alikataa, kwa kuwa alikuwa akizisema nyimbo zake kuliko kuziimba, wala hakurudia wimbo vilevile mara mbili. Ikabidi mafundi wamfichie maikrofoni isiyo na waya kwenye tai, wamrekodi palepale akiigiza. Kati ya tuzo 8 za Oscar ambazo filamu ilipata, moja ilikuwa ya sauti.

Pili, sauti ya Eliza. Audrey Hepburn alifanya mazoezi na kurekodi nyimbo zake akitumaini zitatumika. Wakuu wa studio waliona sauti yake haitoshi, na sehemu kubwa ya nyimbo ikaimbwa na Marni Nixon. Huyu alikwisha kumwimbia Deborah Kerr katika The King and I (1956) na Natalie Wood katika West Side Story (1961). Jina lake halikuandikwa kwenye filamu. Hepburn naye hakuteuliwa hata kuwania Oscar.

Tatu, irabu zinazosikika katika maabara ya Higgins. Hizo zilitamkwa na Peter Ladefoged, mwanafonetiki wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyekuwa mshauri wa filamu. Jina hili si geni kwetu Uganda, kwani ndiye aliyeandika pamoja na Ruth Glick na Clive Criper kitabu Language in Uganda (1972), kuhusu lugha za nchi yetu.

Je, tunajifunza nini? Hadithi inasema kwamba mtu akifundishwa atasikika. Nyuma ya pazia, aliyejifunza aliondolewa sauti, na aliyeimba akanyimwa jina. Wanafunzi wetu wengi wa Kiswahili hunyamaza darasani wakiogopa kuchekwa lafudhi. Mwalimu anayemkatiza mwanafunzi kila neno na kumsemea anafanya yaleyale ya studio. Tuwaache kwanza wamalize sentensi zao, kisha tuwasahihishe. Lafudhi hurekebishika kwa mazoezi, lakini asiyesema hana cha kurekebishwa.