Idadi ya Wahadhiri katika Vyuo vya Mlima Kenya

Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, cha Nairobi. Kati ya 2012 na 2016, vyuo sita vya umma kandokando ya Mlima Kenya vilipata hati kamili: Dedan Kimathi mjini Nyeri, Karatina, Chuka, Meru, Embu na Kirinyaga. Hati hutiwa sahihi siku moja. Mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu huhitaji takribani miaka tisa ya masomo ya chuo kikuu. Pengo hilo huzibwa na wahadhiri wa muda, na hapo ndipo takwimu hupotosha. Mtu mmoja akifundisha Nyeri na Karatina, huweza kuhesabiwa mara mbili, ilhali kila chuo hupata sehemu tu ya kazi yake. Yafaa basi zihesabiwe saa za kufundisha na za kusimamia tasnifu, wala si majina.